Mtutu Ndio wa Mwisho

Kimaiyo alikuwa analala vizuri, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Mtu amemzika shemeji yake wiki tano zilizopita, tena shemeji aliyekufa mbele ya macho yake, halafu mtu huyo huyo anakula ugali wote, anakomba sufuria, analala kama gogo mpaka jogoo awike. Wacha wee! Hata mbwa wa marehemu alikataa chakula siku nne. Kimaiyo hakukataa hata siku moja. Chai ikimuunguza ulimi alikuwa anagundua baadaye, ulimi ukianza kuchubuka.

Mwaka huo wa 1957 alikuwa askari wa wanyama katika mashamba ya juu ya Rongai. Msije mkafikiri ni askari wa kuwalinda wanyama ili wageni wawapige picha. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza nyati na punda milia waliotoka msituni kuingia kwenye mahindi ya wazungu, na asiyefukuzika kumpiga risasi. Alikuwa na kofia, kaptula, bunduki moja, na Micah. Micah alikuwa ndugu wa pekee wa Chemutai, mke wa Kimaiyo: kijana mrefu, mwenye maneno mengi, aliyeweza kukuambia nyati amepita saa ngapi na kama alikuwa ameshiba. Yeye alisoma nyayo. Msoma nyayo lazima atangulie na mwenye bunduki afuate nyuma yake. Kazi ndivyo ilivyo, na ndiyo maana mwenye bunduki hana ruhusa ya kukosa.

Basi alikosa. Nyati dume alikuwa amesimama ubavu, hatua sitini, mahali peupe, asubuhi saa moja, jua liko mgongoni mwa Kimaiyo. Hata mtoto wa shule angempata. Kimaiyo akalenga bega, akasogeza kidole kimoja kulia kama alivyozoea kufanya na bunduki ile, akafyatua. Risasi ikaingia tumboni. Nyati akaingia kichakani. Na nyati mwenye risasi ya tumbo haachwi, kwa sababu kesho atamuua mama wa watu anayekwenda kuteka maji. Wakamfuata. Kumbe mnyama alikuwa amezunguka, amerudi, anawangoja kando ya nyayo zake mwenyewe. Micah alikuwa ameinama anaangalia damu kwenye majani. Kimaiyo alipiga risasi mbili, hakuna aliyejua zilikokwenda. Ya tatu ilimwangusha nyati. Kwa Micah hiyo ya tatu ilikuwa imechelewa.

Mzungu mkubwa wa Kimaiyo, ambaye askari walimwita Bwana Viatu kwa jinsi alivyopenda kukagua viatu vya watu, hakupiga kelele. Alisoma ripoti, akakuna shingo. "Ama bunduki imekwisha, ama wewe umekwisha," alisema. "Peleka Nakuru. Fundi ataniambia ni nani. Kama si bunduki, utarudisha kofia."

Maneno ya kofia hayakumgusa Kimaiyo. Aliyasikia kama mtu anayesikia habari za bei ya mbolea. Kilichokuwa kinamngoja kilikuwa nyumbani kwake. Tangu mazishi, Chemutai alikuwa anampakulia chakula, anamuita Baba Jepkoech kwa adabu zote, lakini hamtazami. Anatazama ukuta. Anatazama moto. Asubuhi ya safari alimfungia viazi kwenye kitambaa, na alipompa alisema maneno aliyokuwa ameyashikilia wiki tano.

"Ukirudi, uniambie ni bunduki au ni wewe. Usiniambie kitu kingine. Usiniambie mapenzi ya Mungu, hayo mchungaji amekwisha kuniambia."

"Nikikuambia ni mimi?"

"Nitamchukua mtoto niende kwa mama. Siwezi kulala nyumba moja na mkono uliomuua Micah." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya gulio. "Lakini kama ni bunduki, hiyo ni chuma. Chuma nitakisamehe."

Kimaiyo akachukua viazi. Alijua kwamba anampenda huyu mwanamke, alilijua kichwani, kama unavyojua jina la kijiji ulichopita zamani. Moyoni alitafuta, hakukuta kitu.

Alipanda garimoshi Rongai, bunduki imefungwa gunia, barua ya Bwana Viatu mfukoni. Siku hizo mtu mweusi na bunduki bila barua alikuwa anajitafutia kamba ya shingo. Alisimamishwa stesheni ya Rongai, akasimamishwa tena stesheni ya Nakuru, mara zote mbili akatoa barua, akasubiri, akaambiwa pita.

Karakana ya silaha ilikuwa nyuma ya ghala la mabati, na fundi aliitwa Hezekiah, mtu wa Maragoli, mfupi, mwenye miwani iliyoshikwa na waya sikio moja. Wakati wa vita alikuwa ametengeneza bunduki za jeshi mpaka Burma. Alirudi kutoka huko na masikio mabovu na ulimi usiojua kubembeleza.

"Shida gani?" aliuliza.

"Nafikiri mtutu umekwisha, fundi."

"Ah! Mtutu!" Hezekiah aliweka tupa chini. "Kila mtu akikosa ni mtutu. Polisi amelewa, mtutu. Mzungu ameshindwa na swala, mtutu. Sikiliza, bwana askari. Mtutu ndio wa mwisho. Kwanza tunaangalia skrubu zake. Halafu mbao. Halafu alama za kulengea. Halafu wewe. Hayo yote yakiwa mazima, ndipo tunaongea juu ya mtutu."

"Sawa."

"Umeua mtu nayo?"

Kimaiyo akafikiri. "Ndiyo nimekuja kujua," alisema.

Hezekiah alimtazama juu ya miwani, akachukua bisibisi.

Alifanya kazi polepole, na nani asingetamani mafundi wa leo wafanye hivyo. Alikaza kila skrubu, hakuna iliyolegea. Akatoa mbao, akazikagua kama zimepinda kwa unyevu, akazirudisha. Akapima alama ya mbele, imesimama sawa. Akachemsha maji, akayamimina ndani ya mtutu, akaukausha. Baadaye wakatembea mpaka machimbo ya mawe upande wa Menengai, mahali alipokuwa akijaribia silaha. Akalaza bunduki juu ya magunia ya mchanga, ikatulia kama mgonjwa kitandani, akapiga risasi tano kwenye karatasi hatua mia. Akamwambia Kimaiyo naye apige tano kwenye karatasi nyingine.

Wakaenda kutazama. Karatasi zote mbili zilikuwa sawa. Tundu moja juu kushoto, moja chini kabisa, mbili kulia, na risasi ya tano haikugusa hata karatasi. Ungesema mtu amewatupia kuku mahindi.

"Jicho lako ni zima," alisema Hezekiah. "Mkono wako mzima. Mimi nimetawanya, wewe umetawanya. Ni yeye." Akaigonga bunduki kwa kidole.

Kimaiyo alisimama na karatasi mkononi. Hapo ndipo mtu angepiga magoti amshukuru Mungu, si ndiyo? Si mkono wake! Neno alilotumwa kulileta nyumbani analo, limeandikwa kwa matundu. Alingoja afurahi. Upepo ukavuma machimboni, vumbi likamwingia machoni, akapangusa. Furaha haikuja.

"Nikuulize," alisema Hezekiah walipokuwa wanarudi. "Ilianza lini?"

"Miaka miwili. Ilikuwa inakwenda kushoto kidogo. Nikawa naongeza kidole kimoja kulia."

"Hiyo si mbaya. Bunduki ikikosa mahali pamoja kila siku, unasogeza alama, maisha yanaendelea. Lakini ikianza kukosa leo kushoto, kesho chini, siku ya tatu haijulikani, hiyo imekwisha. Siku hiyo ndiyo siku ya kuirudisha. Si kesho yake." Akatema mate pembeni. "Hiyo ilianza lini?"

Kimaiyo alikuwa anaikumbuka siku yenyewe. Mvua za masika za mwaka uliopita, punda milia kwenye ngano, risasi tatu, mahali patatu. Micah alicheka akasema, "Shemeji, leo unawapigia makofi?" Na Kimaiyo alijua. Alijua pale pale. Lakini bunduki ikienda Nakuru ingeweza kukaa miezi, na askari asiye na bunduki hupewa jembe alime bustani ya Bwana Viatu, na watu wakipita barabarani wanamwona. Akasema, ngoja mavuno yapite. Mavuno yakapita. Akasema, ngoja Krismasi.

"Mwaka jana," alijibu.

"Mh," alisema Hezekiah, na hiyo mh ilikuwa nzito kuliko matusi.

Karakanani fundi alifungua dirisha, akaelekeza mtutu kwenye mwanga, akachungulia upande huu, akachungulia upande ule. Akainama kwenye mdomo wa mtutu, akaupapasa kwa ukucha. Kisha akafanya jambo ambalo Kimaiyo hakulielewa: akapitisha kitambaa cheupe kwenye kona ya chuma, pale mbao zinapofunika mtutu, akakinusa.

"Njoo utazame hapa mdomoni. Duara hili lingekuwa sawasawa pande zote. Unaona huku chini? Pameliwa. Kuna mfereji. Kamba ya kusafishia imevutwa hapa kila siku, kwa pembeni, ikiwa na kitu kinachokwaruza. Na mistari ya ndani, ile inayoizungusha risasi ili iende sawa, huku mbele haipo tena. Risasi inatoka hapa kama mlevi anayetoka baa." Akamwonyesha kitambaa. Kilikuwa cheusi, lakini si weusi wa mafuta. "Na hiki ni mkaa. Nani anasafisha bunduki yako na mkaa?"

Kimaiyo alimjua. Hakuhitaji kufikiri.

Miaka sita nyuma, alipopewa bunduki ile, aliisafisha mwenyewe kwa kamba na mafuta kama alivyofundishwa, ameketi mlangoni. Chemutai alimcheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo ndiyo kusafisha? Na bado inanuka!" Akamnyang'anya. Mwanamke yule alikuwa na sifa ya vibuyu vya maziwa kuliko wote pale. Kila kibuyu alikisugua ndani kwa sosiot, kile kijiti cha mtende kilichopondwa ncha kikawa kama fagio, halafu akakipaka mkaa wa mti wa senetwet, na mursik yake, yale maziwa ya kugandisha, ilikaa wiki nzima bila kuharibika. Kwake yeye chombo chenye mdomo mwembamba na tumbo refu kilikuwa chombo, na chombo kinasafishwa kwa mkaa. Akasaga unga wa mkaa, akaupaka kitambaa, akakifunga kwenye kamba, akavuta. Akavuta huku akiimba nyimbo za kanisa. Mtutu ukang'aa! Kimaiyo aliwaonyesha askari wenzake wachungulie. Bwana Viatu mwenyewe siku moja alichungulia, akasema bunduki safi kuliko zote Rongai ni ya Kimaiyo. Tangu hapo Chemutai hakukosa jioni hata moja. Alikuwa anasema, "Namlinda mume wangu na ndugu yangu."

"Mke wangu," alisema Kimaiyo mwishowe.

Hezekiah alikaa juu ya sanduku. Akavua miwani, akaifuta kwa shati ambalo lilikuwa chafu kuliko miwani.

"Mkaa wenyewe ni laini," alisema, sauti ameishusha. "Lakini haukosi mchanga. Hakuna moto unaowashwa bila mchanga. Anayejua hilo ni fundi, mwanamke wa watu atalijua wapi? Na wewe ulikuwa unamwona?"

"Kila siku."

"Na aliyekufa?"

"Ndugu yake. Tumbo moja."

Fundi alivaa tena miwani. Kisha akavuta karatasi ya idara, akalamba ncha ya penseli. "Hapa wanauliza sababu. Nikiandika imesafishwa vibaya, unafukuzwa kazi. Nikiandika umri, unapewa mtutu mpya kesho mchana." Akaandika. "Nimeandika umri. Usinishukuru, sitaki. Na hii mpya ni mafuta na kitambaa tu, umenisikia? Mafuta na kitambaa."

Kesho yake alasiri Kimaiyo alikuwa ndani ya garimoshi tena, mtutu mpya ndani ya gunia kuukuu. Kutoka Nakuru mpaka Rongai alikuwa anakariri uongo wake, kwa sababu uongo ulihitajika, na yeye hakuwa na mazoea. Atasema ni bunduki, ilizeeka. Halafu atasema mitutu mipya husafishwa Nakuru peke yake, mke wa mtu haruhusiwi kugusa. Alikariri mara ishirini. Maneno yalikaa sawa. Alishuka stesheni, akapanda njia ya shamba bila haraka.

Alimkuta Chemutai mlangoni na vibuyu vyake vitatu, sosiot mkononi, vidole vyeusi. Mtoto alikuwa amelala ndani. Chemutai alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimtazama mume wake usoni.

"Ni bunduki," alisema Kimaiyo. "Ilizeeka. Fundi ameandika kwenye karatasi. Amepiga yeye mwenyewe, naye akakosa."

Chemutai aliachia sosiot. Akaketi chini pale pale, kwa kishindo, kibuyu kimoja kikabingirika. Akalia wiki zote tano kwa mara moja. Akamshika Kimaiyo mguu, akasema, "Nisamehe, Baba Jepkoech, nilikuwa nakuchukia, haki ya Mungu nilikuwa nakuchukia." Kimaiyo alimwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine, na yeye akautazama tu.

Alipotulia, Chemutai alifuta kamasi kwa leso, akavuta gunia. "Lete niione. Lo, imetoka na vumbi la garimoshi lote." Kabla Kimaiyo hajajua, bunduki iko mapajani mwake, kamba iko mkononi, na mkono mwingine unachovya kitambaa ndani ya kigae cha mkaa. "Hii haitazeeka," alisema. "Hii nitaitunza kuliko ile."

Kimaiyo alikuwa na maneno yake tayari. Ndiyo, ya mara ishirini. Yakamkimbia yote. Aliona mkono wake umeruka, umemkamata mkewe kwenye kiwiko, kwa nguvu mpaka kigae kikapinduka.

"Usitie mkaa."

"Ala! Unaniumiza."

"Fundi amesema mafuta tu. Mitutu mipya ni mafuta tu."

"Kwa nini?"

"Ndivyo mipya ilivyo."

Chemutai alitazama unga mweusi uliomwagika kwenye sketi yake. "Na ya zamani?" aliuliza.

Hapo ndipo alipotakiwa kujibu haraka. Swali dogo, jibu dogo, na nyumba ingesimama. Lakini Kimaiyo alinyamaza, na mwanamke yule hakuwa mjinga hata siku moja katika maisha yake.

"Baba Jepkoech. Niangalie."

"Nilijua tangu mwaka jana," alisema Kimaiyo mbiombio. "Ilikuwa inatawanya risasi, nilijua, sikuirudisha. Niliona aibu kupewa jembe. Ningeirudisha siku ile, Micah yuko hai. Wewe hukujua kitu. Mimi ndiye niliyejua."

"Sikukuuliza wewe ulijua nini. Nimeuliza, ni mkaa?"

Vibuyu vilikuwa pale, kimoja kimelala ubavu. Kimaiyo alitafuta mahali pengine pa kutazama, hakupapata.

"Ndiyo," alisema.

Chemutai hakulia. Aliweka bunduki chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akatazama mikono yake, mgongo na viganja. Kimaiyo akainama, akakisimamisha kile kibuyu kilicholala.

Sauti ikatoka nje ya ua. "Chemutai!"

Alikuwa Jelagat, mama yao Chemutai na Micah. Aliishi shamba la jirani na alikuwa ameambiwa na watu wa stesheni kwamba askari amerudi. Kwa heshima ya ukwe hakuwahi kuvuka ua wa nyumba ile, na Kimaiyo, kwa heshima hiyo hiyo, aliinuka akajificha nyuma ya mlango asionane naye uso kwa uso.

"Chemutai! Nimesikia mumeo amefika. Fundi amesema nini?"

Chemutai alisimama. Akaifunga mikono yake ndani ya leso mpaka juu ya viwiko, akaenda kusimama mlangoni.

"Amesema ni uzee, mama," alijibu. "Bunduki ilizeeka."

"Hakuna mtu aliyekosea?"

"Hakuna, mama."

Ajuza aliegemea ua. Kisha akavuta pumzi, ikasikika mpaka ndani. "Yesu asifiwe. Mwanangu, sitakuficha, nilikuwa nimeshindwa kuomba. Nikipiga magoti najiuliza, na kama ni mkono wa mtu? Nitamsamehe vipi huyo mtu, mimi Jelagat? Nilikuwa najua sitaweza. Sasa sina wa kumsamehe. Mwambie mumeo ahsante."

"Nitamwambia, mama."

"Mbona hutoki nikusalimie?"

"Mikono yangu ni michafu," alisema Chemutai.

Nyuma ya mlango Kimaiyo alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akauma nyama ya mkono, akasikia uchungu wake, kwa maana kilio cha wiki tano kilikuwa kimefika kwa pamoja, na mama mkwe alikuwa bado hajaondoka.